Chungu cha Magamba na Vifungu vya Dodoma

*Sheria ya vileo ya mwaka 1968 hurekebishwa kidogokidogo, mara nyingi kwa mkono wa sheria nyingine. Mpika pombe ya kienyeji wa Katavi hupata habari siku mgambo anapofika uani kwake.*

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Katika kata ya Magamba, mojawapo ya kata 15 za Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, mama anayepika pombe ya kienyeji kwa ajili ya riziki yake huianza kazi ambayo tamati yake haionekani mpaka siku kadhaa zipite: huloweka nafaka, huifunika ikaota, huianika, huipeleka mashineni, huchemsha uji katika pipa, huupoza, hutia kimea cha ulezi, kisha huiacha hali ya hewa itimize yaliyosalia.

Kinywaji hicho kikisha kuiva hakina subira. Pombe iliyo tayari alfajiri huzidi ukali kadiri jua linavyopanda, na kesho yake huanza kuwa siki, na mahindi, kuni, maji na taabu ya juma zima vikawa vimepotea bila ya malipo.

Ilhali saa za kuuza vileo ambazo halmashauri nyingi za nchi hii huzitangaza kila zinapowakumbusha wananchi amri ya sheria, ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku kwa siku za kazi. Bia ya kiwandani, iliyotiwa ndani ya chupa na kufungwa kizibo, yaweza kuingoja saa 10 ya leo, au ya kesho, au ya mwezi ujao, wala isipungukiwe na kitu. Pombe ya chungu haiwezi.

Hitilafu hiyo moja, ambayo msomaji wa mjini huenda akaiona ndogo, yatosha kumwonyesha mtu aliye makini kwamba sheria yetu ya vileo iliandikwa na watu walioifikiria chupa zaidi kuliko walivyokifikiria chungu. Na marekebisho yaliyofuata, ambayo wanasheria huyaita ya kiufundi, yameipita hitilafu hiyo pasipo kuigusa.

Maneno makavu, matokeo mazito

Marekebisho ya namna hiyo hayaji kwa kishindo. Aghalabu huwekwa ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambao hubeba kwa pamoja sheria nyingi zisizo na udugu wowote, au ndani ya Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na lugha yake ni ileile siku zote: Sheria Kuu inarekebishwa katika kifungu fulani kwa kufuta tarakimu fulani na badala yake kuweka tarakimu nyingine.

Mbunge aliyechoka huweza kuipitisha ibara kama hiyo bila ya kuinua kichwa. Lakini tarakimu inayofutwa yaweza kuwa faini itakayomfunga mjane, au muda wa leseni, au umri wa mnywaji, au cheo cha afisa aliyepewa idhini ya kuingia uani kwa mtu na kumwaga alichokikuta. Kwa hiyo neno hilo kiufundi lisimlaze mtu usingizi.

Katavi ina haki ya kulitazama jambo hili kwa jicho lake yenyewe. Mji wa Mpanda ulikua kwa ajili ya madini ya risasi, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira, na reli ya kutoka Kaliua ikaletwa mpaka hapa kiasi cha mwaka 1950 kwa ajili ya shehena hiyo. Vibarua waliokuja kutoka pande nyingi walilipwa mshahara wa fedha, na palipo na mshahara wa fedha na wanaume walio mbali na kwao, pombe ya kuuzwa haikosi kufuata.

Mgodi ule ulifungwa baada ya muda, lakini mkoa haukurudi kuwa pori. Makazi ya wakimbizi wa Burundi yalianzishwa Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970, wafugaji na wakulima wa Kisukuma wakashuka kutoka kaskazini, tumbaku ikalimwa, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wakaenea. Katavi ikawa mkoa kamili mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu humo watu 1,152,958.

Kila kundi la watu lililokuja lilikuja na kinywaji chake. Wanzuki ya asali, ambayo nchi za Tabora na Mpanda zina malighafi yake tele, komoni ya mahindi, kangara, na zile pombe za ulezi za Wafipa, zote zimepata nyumba hapa. Na mavuno yakisha kuingia ghalani kuanzia Mei na Juni, mapipa hupata kazi kuliko miezi mingine yote.

Asili ya katazo

Ili kuielewa sheria iliyopo sharti turudi nyuma, kabla ya uhuru, mpaka katika mikataba ambayo hakuna Mbende wala Mkonongo, wenyeji wa nchi hii, aliyeulizwa habari yake.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofungwa na dola za Ulaya mintarafu ya biashara ya utumwa, uliweka pia masharti ya kuzuia vileo vikali visiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919 mkataba mwingine, uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye huko Ufaransa, ulikaza masharti hayo na kukataza ukenekaji, yaani upikaji kwa mvuke, wa pombe kali katika nchi zilizotawaliwa. Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika kwa hati ya udhamini ya mwaka 1922, hati hiyo nayo ilimtaka mtawala aidhibiti biashara ya vileo.

Insafu yatutaka tukiri kwamba katika mikataba hiyo mlikuwamo huruma ya kweli kwa watu waliokuwa wakinyang'anywa mali kwa chupa za ramu. Lakini mlikuwamo pia kiburi, kwa sababu Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu asiyeweza kuitawala nafsi yake, na baada ya muda sheria za ukoloni zikagawa vinywaji kwa rangi za watu: pombe ya kienyeji kwa wenyeji, chini ya ukaguzi wa vilabu, na vileo vikali kwa wageni.

Mgawanyo huo wa rangi hatimaye ulifutwa, jambo ambalo lilikuwa la haki na la lazima. Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria ya utengenezaji na ukenekaji wa moshi, yaani kile kinywaji ambacho wengi wetu hukiita gongo, na msingi wake ulikuwa leseni: asiye na leseni hana ruhusa ya kukeneka. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Vileo, Namba 28 ya mwaka 1968, ambayo leo ni Sura ya 77 ya sheria za nchi.

Sheria hiyo ya 1968 ndiyo inayosimama mpaka leo. Iliweka mamlaka za kutoa leseni katika wilaya, ikapanga aina za leseni, ikaweka leseni ya miezi sita sita, ikapanga saa, na ikaitaja pombe ya kienyeji kama kitu chenye utaratibu wake. Kwa wakati wake ilikuwa sheria yenye akili. Aliyeiandika, hata hivyo, hakuijua Tanzania ya watu zaidi ya milioni 60.

> Bia ya kiwandani yaweza kuingoja saa 10 jioni. Pombe ya chungu haiwezi.

Faini iliyoyeyuka

Mfano ulio wazi kuliko yote ni fedha. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 7 na senti kidogo. Adhabu ya shilingi 1,000 iliyoandikwa katika sheria ya zama zile ilikuwa tishio hasa, mshahara wa kibarua kwa miezi mingi. Leo shilingi 1,000 hainunui hata bia moja ya chupa.

Kwa sababu hiyo kila sheria ya zamani iliyotaja faini kwa shilingi hufika mahali pa kurekebishwa tena na tena, na kila marekebisho huzaa taksiri mbili. Yakichelewa, mwenye baa kubwa anayeuza usiku kucha huiona faini kuwa sehemu ya gharama zake za kawaida, akailipa huku anacheka. Yakija kwa pupa, faini hupandishwa kwa kumfikiria tajiri huyohuyo wa mjini, na mzigo wake ukamwangukia mama wa Magamba ambaye mtaji wake wote ni madebe machache ya mahindi.

Uganda ilikwisha kulipatia tatizo hili dawa. Sheria zake nyingi hazitaji faini kwa shilingi, bali kwa vipimo vya fedha, kila kipimo kikiwa na thamani ya shilingi 20,000 za Uganda, na thamani ya kipimo ikihitaji kubadilishwa hubadilishwa mahali pamoja na sheria zote zikafuata. Sioni sababu ya sisi kutoiga jambo jema la jirani. Marekebisho hayo nayo ni ya kiufundi, lakini yangetuepusha na mengine mia.

Viraka kutoka pembeni

Sheria ya 1968 imekuwa kama kanzu iliyotiwa viraka na mafundi wengi, kila fundi akitumia kitambaa cha duka lake. Kuna lililo zuri katika viraka hivyo, lakini ni vyema msomaji ajue vilikotoka.

Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ilikuja na makatazo ya kumwuzia mtoto kileo na ya kumruhusu katika baa na kumbi za usiku, na mtoto kwa sheria hiyo ni mtu aliye chini ya miaka 18. Hilo ni jema lisilo na shaka. Lakini kilabu cha pombe ya kienyeji katika vijiji na kata zetu aghalabu ni ua wa nyumba ileile ambamo mtoto hulala, hula na kufanya kazi za shule, na mama yake ndiye muuzaji. Mwandishi wa sheria aliyemzuia mtoto asiingie mlangoni hakuwaza mtoto aliyezaliwa ndani ya mlango.

Kisha vikaja viroba. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki ingepigwa marufuku kuanzia Machi 1, na ndivyo ilivyokuwa. Vijana wengi walikuwa wakiangamia kwa vifuko hivyo, vilivyouzwa kwa bei ya peremende na kufichwa mfukoni hata darasani, na kila mzazi aliyeishi miaka ile aliipokea amri ile kwa shukrani. Nami ni mmoja wao.

Lakini tazama amri ile ilivyopewa nguvu. Kanuni za kuvipiga marufuku viroba zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kilichokatazwa, kwa mujibu wa chanzo cha kanuni zile, ni kifungashio. Na kinywaji kilekile kiliweza kurudi dukani katika chupa ndogo, halali kabisa. Taifa lilipotaka kuchukua hatua ya haraka juu ya kileo kilichokuwa kikiua vijana wake, njia iliyokuwa tayari mkononi ilikuwa sheria ya taka, na hilo latosha kuwa ushahidi juu ya udhaifu wa sheria ya vileo yenyewe.

Miaka miwili baadaye, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliuhamisha usimamizi wa usalama wa vyakula na vipodozi kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba. Vinywaji vilikuwa ndani ya mzigo uliohamishwa. Kwa hiyo swali la nani atakipima kinywaji kabla hakijamdhuru mnywaji lilijibiwa katikati ya kurasa za kodi na ushuru.

Na kila Juni, Bunge linapojadili bajeti, ushuru wa bidhaa kwa bia, mvinyo na vileo vikali huguswa au huachwa kwa makusudi. Wenye viwanda hufika Dodoma wakiwa na wanasheria na hesabu zao, nao wana haki hiyo. Sijapata kuona bajeti ambayo mpika komoni alihesabiwa kuwa mdau.

Fauka ya hayo, Toleo la Mwaka 2023 la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Aprili 23, 2025 na likaanza kutumika Julai 1 mwaka huo, limezikusanya sheria kuu za nchi pamoja na marekebisho yake. Kazi hiyo ni kubwa na ya kusifiwa. Lakini urekebu hukusanya na kusafisha. Haubadili maana wala hauongezi haki isiyokuwamo.

Pande za shauri

Upande wa kwanza ni halmashauri. Ada za leseni za vileo ni katika mapato ya serikali za mitaa, na manispaa iliyo changa na yenye barabara na zahanati za kujenga haiwezi kudharau chanzo chochote. Zaidi ya fedha, maafisa wana hoja ya kazi: mtu anayeanza kunywa saa 3 asubuhi wakati wa palizi huliacha jembe kwa mke na watoto, na njaa ya Februari huwa imepandwa Novemba.

Hoja hiyo naikubali. Saa za kuuza zina maana yake, na anayezidharau hajapata kuishi jirani na kilabu.

Upande wa pili ni mpikaji mwenyewe, ambaye katika sehemu nyingi za nchi yetu ni mwanamke, na mara nyingi ni mjane au aliyeachwa. Hana shamba kubwa, hana dhamana ya benki, na ujuzi aliorithi kwa mama yake ndio mtaji pekee usioweza kunyang'anywa. Sare za shule, madaftari, dawa na chumvi hutoka katika pipa lile. Akiambiwa angoje saa 10 jioni hali pombe yake imeiva alfajiri, huuza kwa siri. Na akiuza kwa siri huwa chini ya kila mtu anayeijua siri hiyo, kuanzia mlevi asiyelipa hadi mlinzi wa sheria anayetaka kikombe cha bure.

Upande wa tatu ni mke wa mnywaji na watoto wake, nao hawana kilabu wala kiwanda cha kuwasemea. Fedha za mahindi au za tumbaku zinazoishia kilabuni huwa zimetoka sahanini mwao, na kipigo cha usiku hakiulizi kama kileo kilikuwa na leseni. Viongozi wa dini, Waislamu ambao kwao kileo ni haramu kwa kiasi chochote, na Wakristo ambao wengi wao wamefundishwa kiasi au kuacha kabisa, husimama upande huu, na neno lao lina uzito katika kata zetu.

Huenda mwanamke mmoja akawa katika pande hizi mbili za mwisho: mchana anauza, usiku anapigwa. Sheria isiyomwona kwa sura zote mbili itamdhulumu kwa moja.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wana shauri lao. Kazi ya shimoni huenda kwa zamu, na mtu aliyetoka chini ya ardhi alfajiri hayaoni mapumziko yake kuwa ya asubuhi wala ya jioni. Sheria iliyogawa siku kwa saa za ofisi za mwaka 1968 haina jibu kwake, nami sitaki kudai kwamba jibu ni rahisi.

> Sheria ya taka ndiyo iliyotumika kuwaokoa vijana na viroba, kwa sababu sheria ya vileo haikuwa na mkono wa kufika.

Gongo si komoni

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuzichanganya pombe mbili katika msako mmoja. Komoni, wanzuki na kangara ni pombe za kuchachua. Ulevi wake ni wa kiasi cha bia au karibu yake, na hatari yake kubwa ni uchafu wa maji na vyombo, na wingi wa kinachonywewa. Gongo ni pombe ya kukeneka: hukusanya ulevi mwingi katika kikombe kidogo, hupikwa katika mapipa ya mafuta na mabomba ya kuokoteza, na hakuna anayeijua nguvu yake mpaka imemwangusha.

Vifo vya halaiki ambavyo husikika katika Afrika Mashariki aghalabu hutokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa katika vinywaji vya namna hiyo ili kuongeza ukali kwa gharama ndogo. Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa nchini Kenya kwa sumu hiyo, na wengine wakapofuka. Mchachuo wa nafaka wa kawaida hauzai sumu ya kiasi hicho.

Tena kuna uhusiano ambao wenye kutunga sheria wangeuzingatia. Pombe iliyochacha kwa kukosa wateja katika saa halali haimwagwi na mtu maskini. Palipo na mtambo wa karibu, hukenekwa. Kwa hiyo kanuni ya saa, isipotofautisha chupa na chungu, yaweza kumsukuma mpikaji kutoka katika kinywaji chepesi kwenda katika kikali, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha nia ya sheria.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vileo vilihusika na vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na ripoti yake ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba kiasi cha robo ya kilevi chote kinachonywewa duniani hakiingii katika hesabu za serikali yoyote. Robo hiyo ndiyo Magamba. Sheria inayohesabu chupa peke yake haijui hata ukubwa wa jambo inalotaka kulitawala.

Jirani walivyojaribu

Kenya ilithubutu. Sheria yake ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge aliyeileta, John Mututho wa Naivasha, iliibana baa kwa saa, ikianza saa 11 jioni siku za kazi. Na wakati huohuo iliifuta ile sheria ya kale iliyoharamisha chang'aa, yaani gongo la Kenya, ikairuhusu kwa masharti. Katika masharti hayo lilikuwamo la kuiuza ndani ya chupa za glasi zisizopungua mililita 250.

Mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja na kubanwa kwa mwingine. Mama wa kijijini aliyepika chang'aa kwa miaka 20 hakuwa na mashine ya kujazia chupa wala fedha za vipimo, na wengi waliofaidika na mwanya ule walikuwa wenye viwanda vidogo vya mijini. Kufikia mwaka 2015 serikali ilikuwa inaendesha msako mkubwa wa kumwaga vinywaji vya bei rahisi, baadhi yake vikiwa na leseni.

Uganda, kwa sheria ya mwaka 1965 ya enguli, yaani gongo la huko, ilitaka mpikaji mdogo amwuzie mkenekaji mkubwa mwenye leseni, naye aisafishe. Ndimo ilimozaliwa waragi ya chupa. Wazo lilikuwa zuri, na sheria yetu ya moshi ya mwaka uliofuata ni ya ukoo huohuo. Huko na huku, mpikaji aliona kwamba jirani humlipa upesi kuliko kiwanda, na biashara ya uani haikukoma.

Somo ninalolichukua ni hili: leseni ambayo maskini hawezi kuifikia humfanya mhalifu wa lazima, na mhalifu wa lazima hawezi kukaguliwa.

Muswada wenye insafu ungekuwaje

Sitaki kuonekana mtu anayelaumu tu. Vifungu vinavyohitajika havizidi uwezo wa waandishi wa sheria wa serikali, ambao ni watu hodari.

Kuuza na kunywa vitenganishwe. Mpikaji aruhusiwe kuitoa pombe yake kwa jumla saa yoyote ikisha kuiva, kwa kilabu kilichosajiliwa, na saa za mipaka ziwe juu ya kunywa katika kilabu hicho. Hapo amri ya kuwahi shambani itabaki na nguvu yake, na mahindi ya mama hayatamwagika.

Leseni ya pombe ya kienyeji ihesabiwe kwa mpiko, ilipwe pale kata ilipo, kwa kiasi ambacho pipa moja laweza kukibeba. Na sehemu ya ada irudi kilabuni kwa namna ya maji safi na choo. Mkaguzi wa afya afike kabla ya mgambo. TBS na SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ambazo zimekwisha kuzoea kuwahudumia wajasiriamali wadogo wa vyakula, ziongezewe kazi hii kwa maandishi ya sheria, isiwe kwa hisani ya afisa.

Kilabu kihamishwe kutoka katika ua wa kulala watoto, na mpikaji asaidiwe kukihamisha, maana amri pasipo msaada itazaa ua mwingine. Gongo liendelee kuwa kosa, na adhabu yake iwe nzito zaidi kwa anayeingiza methanoli katika biashara kuliko kwa anayekutwa na lita tano. Na faini zote ziandikwe kwa kipimo kinachofuata thamani ya fedha.

Hayo yote yawekwe ndani ya Sheria ya Vileo yenyewe, mahali pamoja ambapo mtendaji wa mtaa, mpikaji na hakimu wa mahakama ya mwanzo wanaweza kuyasoma. Mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Basi sheria hii, inayogusa watu wengi wasio na wakili, isiwe ya mwisho katika foleni ya kufasiriwa.

Kamati ya Bunge inayopokea muswada hualika wadau kutoa maoni, na kwa kawaida kikao huwa Dodoma, mamia ya kilomita kutoka Mpanda. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi na siku zinazopotea ni zaidi ya faida ya mapipa mengi. Namwomba mbunge wa jimbo hili, na madiwani wa Manispaa ya Mpanda, waitake kamati hiyo kwa barua rasmi ije ikae Magamba siku moja, katika jengo lolote lenye madawati, iwasikilize wapikaji, wake wa wanywaji, wachimbaji na viongozi wa dini, kabla marekebisho yajayo ya Sura ya 77 hayajasomwa mara ya pili.